Kengele ya Kula

Vijijini kwetu Mpanda, upande wa Kakese, jiko halifungwi. Unaegesha mlango wa mabua ili kuku wasiingie, basi. Jirani akipungukiwa chumvi anaingia, anachota, anakuja kukuambia baadaye, na ukimuuliza kwa nini hakuomba kwanza wewe ndiye utaonekana wa ajabu. Jiko langu lilikuwa na mlango wa mbao za mninga, komeo la chuma na kufuli. Ufunguo niliuvaa shingoni, kamba moja na rozari. Watu waliniita Mama Kufuli, na wengi wao hawakuwa wanatania.

Niseme mapema, nisije nikamzungusha mtu. Kufuli lile nililiweka ili mwanangu wa kike asile. Alikuwa na njaa, alikuwa analia njaa, na mimi mama yake nikamfungia chakula. Ukiishia hapo utaniita mchawi, na hutakuwa wa kwanza.

Nilimzaa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtoto wangu wa tatu. Hakulia. Mkunga alimpigapiga mgongoni, akampulizia, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo ya kumsikitikia. Alikuwa mlegevu kupita watoto wote niliowahi kuwashika. Ukimnyanyua, mikono inaning'inia na shingo haina habari. Titi ukimtia mdomoni analisahau humo humo. Nikawa nakamua maziwa kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, na sehemu kubwa inamwagikia shingoni.

Mama mkwe wangu ni Msukuma aliyehama na ng'ombe toka Shinyanga mpaka huku kwetu, na sijapata kuona kitu anachokiogopa. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akasema, "Huyu amekuja amechoka." Halafu akaninyang'anya kijiko na kuniambia nikalale. Tulimlisha hivyo kwa zamu, mimi na yeye, miezi mingi, na kama mtoto yule aliishi basi aliishi kwa kijiko kile.

Padri alikuja akambatiza haraka haraka maana kila mtu aliona safari ni fupi. Mimi ni Mpimbwe, nimekulia kwenye wali na misa, na sala ninazijua. Lakini siku hizo nilikuwa na sala moja tu: ale. Sikuomba atembee, sikuomba aseme, sikuomba awe na akili za shule. Niliomba mwanangu ale. Mungu alinisikia, na mpaka leo nina neno naye kuhusu namna alivyonisikia.

Alitembea wenzake wakiwa tayari wanakimbiza mbuzi. Na alipofika umri wa miaka mitatu hivi, siku moja alimaliza ugali wake, akavuta bakuli la kaka yake akamaliza na la kaka yake, akanyoosha mkono kwa la bibi. Mama mkwe alipiga vigelegele. Mume wangu, mtu asiye na maneno, alitoka nje akamkamata jogoo. Tulikula kuku siku ile kwa sababu mtoto wetu amekula, na mimi nililia kwa furaha mbele za watu bila haya.

Furaha ile haikudumu hata msimu mmoja. Alikula ugali, akala unga mbichi, akala pumba za kuku na kuku wenyewe wanamdonoa mikono. Karanga za mbegu tulizozitundika juu ya moshi alizishusha kwa mti, akazitafuna na maganda yake. Alikula makoko yaliyolowekwa kwa ajili ya mbwa. Nikimchapa analia, na huku analia anatafuna. Akanenepa tumboni na mapajani, uso ukajaa, lakini mikono na miguu ikabaki midogo kama ya mtoto mchanga. Na rangi yake haikuwa yetu. Mimi na baba yake ni weusi wa kung'aa. Yeye alikuwa mweupe wa kupauka, na nywele zake zilikuwa za hudhurungi, laini, zisizoshika kichana. Hizo nywele zikumbukeni.

Tulimpeleka zahanati wakampa dawa za minyoo. Tukampeleka kwa mganga, na mganga naye akampa za kwake. Mwishoni mume wangu aliuza ng'ombe bila kumuuliza mama yake, jambo ambalo kwao si dogo, akanipandisha treni na mtoto kwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Hakuanza na mtoto, alianza na mimi. Alizaliwaje, alinyonya, alilia, alikaa lini. Kisha akavishika vile viganja vidogo akavigeuza geuza, akamtazama macho, akazipitisha nywele katikati ya vidole vyake. Akanitajia ugonjwa kwa jina refu la kizungu ambalo halikukaa kichwani hata nilipolirudia. Aliponiona nimepotea akaliacha, akanieleza kwa lugha ya nyumbani.

Alisema mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kimoja kuna nyuzi zinazobeba maagizo ya jinsi mtu atakavyokuwa, nusu toka kwa baba, nusu toka kwa mama. Kwenye uzi mmoja wa mwanangu kipande kidogo kilikatika, tangu mwanzo kabisa, kabla sijajua kama nina mimba. Kipimo cha kuuona huo uzi hawakuwa nacho pale, lakini kwa dalili alizoziona hakuwa na shaka.

"Nilikula kitu kibaya?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Hukufanya kitu. Na baba yake hakufanya kitu. Imetokea tu."

Sijui kama anajua alinitua mzigo gani kwa maneno hayo. Lakini hakuniacha nipumue sana. Akasema mtu akila, tumbo linapeleka habari kichwani kwamba imetosha, na kwa mwanangu habari hiyo haifiki. Hata pale alipokuwa amekaa, ametoka kumaliza uji, alikuwa na njaa ya mtu aliyeshinda kutwa nzima shambani bila kitu.

"Kwa hiyo anaumia kweli? Siyo ulafi?"

"Siyo ulafi. Anaumia kweli."

"Nikimpa je?"

"Ukimpa ataumia vile vile, na hicho chakula ndicho kitakachomuua."

Niliuliza dawa ni ipi. Mzee yule alivua miwani yake. "Dawa ni kufuli, mama," akasema. "Funga chakula chote. Umpe kidogo, kwa saa zile zile kila siku, ili ajue kinakuja. Akijua kinakuja atatulia." Akaniambia na jambo la mwisho: watoto hawa hawatapiki kirahisi, na maumivu hawayasikii tunavyoyasikia sisi. Siku akila kupita kiasi hatakuambia tumbo linauma. Utakuja kujua umeshachelewa.

Tulirudi na treni. Pale stesheni ya Kaliua wauza vyakula walijaa madirishani, na karanga, na mayai ya kuchemsha, na vipande vya kuku, na mwanangu akaanza kutetemeka mwili mzima. Nilifunga dirisha. Akalia mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja mwenye kanzu aliyekaa mbele yetu alinunua yai akammenyea, na mimi nikalipokonya yai lile mkononi mwa mwanangu, likiwa limeshafika mdomoni. Kisha mama mmoja akasema, bila kunitazama, "Wengine wanazaa tu." Niligeukia ukutani kwa sababu nilikuwa na majibu, na majibu yenyewe yangehitaji daktari wa Mwanza awe amekaa pembeni yangu.

Mume wangu alichonga mlango kwa mikono yake. Hakuuliza mara mbili. Mama mkwe aliuliza mara nyingi, akanuna, akasema kwao mtoto hafungiwi chakula hata wakati wa njaa, lakini mwisho akakubali, na alipokubali akawa mlinzi mkali kuliko mimi.

Saa ya kula niliichukua kwa kengele ya shule. Shule yetu ilikuwa na rimu ya gari imetundikwa, na mlio wake ulitufikia vizuri. Ikilia asubuhi, anakula. Ikilia mchana, anakula. Jioni wanafunzi wanapotawanyika, anakula. Likizo zilipofika na kengele ikanyamaza mtoto alichanganyikiwa, kwa hiyo nikatundika ulimi wa plau ya zamani nje ya jiko, nikawa naugonga mwenyewe. Aliuliza siku nzima, hilo moja tu: "Mama, kengele imelia?" Nikimwambia bado, anarudi kukaa. Sisemi kwamba hakuiba tena. Aliiba akipata nafasi, maana njaa haina adabu. Lakini daktari alisema kweli, alitulia.

Na alikuwa mtu, si tumbo tu. Hilo huwa nalisema kwa hasira kwa sababu wengi hawakuliona. Alikuwa na kicheko cha chini chini, cha kujificha. Alipenda kupanga vitu. Maharage aliyapanga kwa rangi kwenye mkeka, mstari baada ya mstari, na ole wako uukanyage mstari wake. Mchele alichambua kuliko sisi sote. Vile vidole vidogo viliokota kila changarawe, na ukikaa naye karibu hali hata punje, anakuonyesha tu changarawe alizokusanya, kiganja kimoja, amefurahi. Wali wa nyumbani kwangu haukuwa na mchanga miaka ile.

Kisha ukaja ule mwaka mvua zilipozidi. Mbuga ikawa ziwa, mpunga ukaoza umesimama, barabara zikakatika. Msimu uliofuata watoto wa watu walikonda, na wengine wakaanza kuvimba. Watu wa afya wakaja kutufundisha mambo ya lishe. Kazi nzuri, siwalaumu, walikuja kwa baiskeli kwenye matope. Tulikaa chini ya paa la kanisa, na mwalimu wa lishe akaning'iniza picha kubwa ya mtoto mwenye utapiamlo. Mtoto yule alikuwa na mashavu yaliyojaa, tumbo kubwa, miguu ya kuvimba, ngozi iliyopauka. Na nywele za hudhurungi, laini, zisizoshika kichana.

"Mtoto wa hivi," mwalimu akasema, "si kwamba amenenepa. Huyu ana njaa. Amenyimwa chakula bora."

Kanisa zima liligeuka kunitazama. Mwanangu alikuwa pembeni yangu, anapanga mawe.

Nilisimama nikaeleza. Nilieleza nyuzi, nilieleza kipande kilichokatika, nilieleza Mwanza. Maneno yaliyokuwa wazi ofisini kwa daktari yalitoka mdomoni mwangu yamepinda, na kadiri nilivyoyanyoosha ndivyo nilivyosikika mwongo. Mtoto ana njaa, na mama anasema chakula kitamuua. Mimi mwenyewe ningekuwa nimekaa kule nyuma ningesema huyu mwanamke ana lake jambo.

Siku chache baadaye wanawake wa jumuiya walikuja nyumbani kunisemesha. Waliongea kwa upole, na upole wao ulinichoma kuliko matusi. Aliyeongea kidogo kuliko wote alikuwa jirani yangu wa upande wa kisimani, ambaye tulizoeana kama ndugu. Chumvi yake ilikuwa yangu na yangu ilikuwa yake, kabla ya kufuli. Wenzake walipoondoka yeye alibaki.

"Mwenzangu," aliniambia, "unajua mimi nilizika."

Nilijua. Alizika mtoto wa kiume, kabla sijaolewa huku, mwaka wa njaa.

"Alikuwa na nywele hizi hizi. Miguu imejaa hivi hivi. Watu wakaniambia mtoto amenona, na mimi nikafurahi. Niliiona rangi hii nikachelewa. Sasa kila nikimwona wako, mwili unanisisimka."

"Wa kwako alikosa chakula," nikamwambia. "Wa kwangu si hivyo."

"Akiomba maji huwa unampa. Akiomba chakula unamwambia kengele. Nyie mnawezaje?"

Nilimwambia hatuwezi, tunafanya tu. Alilia, nami nikalia, tukalia wawili kwa sababu mbili tofauti. Nilidhani tumeelewana.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa mazuri. Ilikuwa likizo, mimi na mume wangu tulikuwa mbugani tangu alfajiri tukikata mpunga, na mtoto tulimwacha na bibi yake. Jirani yangu alikuwa na sherehe ya komunio ya kwanza ya binti yake. Asubuhi alikuja nyumbani kumwazima mwanangu akamsaidie kuchambua mchele, maana sifa zake zilijulikana. Mama mkwe alimruhusu. Alimwambia, "Asipewe kitu, chakula chake nitamgongea mimi hapa." Jirani akajibu, "Nimesikia, mama."

Sherehe ilikuwa na wali, na nyama ya mbuzi, na maharage, na maandazi kwenye beseni. Jirani yangu alimweka mwanangu ndani, chumbani kwake, mbali na macho ya watu, akamwekea sinia zima. Hakutaka kunikomoa, hilo nitaliapia popote. Aliniambia mwenyewe baadaye alikuwa ameamua kitu kimoja: mtoto huyu ale siku moja mpaka ashibe, aache mwenyewe. Akaketi mlangoni kumngoja aseme basi.

Sinia likaisha akaongeza. Likaisha akaongeza tena, na alipokuwa anaongeza alikuwa analia, anaona jinsi nilivyomtesa. Alingoja, na neno basi halikuja. Mwishowe yeye ndiye aliyeogopa. Akamshika mkono akamrudisha nyumbani.

Mtoto hakulalamika. Alikaa ukutani akipanga maharage yake. Mama mkwe aliona tumbo limekaza, akamuuliza panauma, akasema hapaumi. Sisi tuliporudi alasiri alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, jasho limemtoka, midomo imekuwa ya rangi nyingine, na ile mistari ya maharage ameivuruga. Nilipoona ameivuruga nilijua.

Mume wangu alimfunga kwenye baiskeli, mimi nimepanda nyuma, mgongo wake umeegemea kifua changu, tukaenda kuelekea Mpanda mjini kwenye hospitali. Alikuwa akisukuma kwa mbio, anahema. Tulikuwa bado hatujayaona mabati ya mji nilipohisi ule ulegevu. Niliujua. Ulikuwa ulegevu ule ule aliokuja nao duniani, mikono inaning'inia na shingo haina habari. Nilimwambia mume wangu asimame. Hakusimama. Ikabidi niseme tena.

Msibani kwetu wafiwa hawapiki. Majirani ndio wanaoleta chakula, na ukikataa wanakubembeleza mpaka umeze tonge. Jirani yangu alikuja na sufuria yake kichwani kama wengine. Mama mkwe alimwona akaondoka akaenda kukaa zizini na ng'ombe, na alikaa huko karibu msiba wote. Nadhani hakujua aanze kumchukia nani, yule au yeye mwenyewe. Mimi sikuwa na nguvu ya kumfukuza mtu. Nilitaka nimkwaruze uso. Nilitaka pia anishike. Nimejaribu kumchukia miaka hii yote, na kuna siku nafanikiwa, lakini kila nikifanikiwa naiona ile picha ukutani kanisani, namwona na yule mtoto wake wa kiume, na chuki inanipotea mikononi.

Alipiga magoti mbele yangu na sahani. Nilimuuliza kitu kimoja tu. Nilitaka kujua kama mwanangu alikula kwa pupa, kwa kuiba iba, akiangalia mlango, kama alivyokuwa akila akinikimbia mimi. Sikutaka awe amekufa hivyo, amefanywa mwizi mara ya mwisho.

"Hapana," akasema. "Sinia nilimwekea, lakini hakugusa. Alilitazama tu. Akaniuliza, kengele imelia?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia imelia, mwanangu. Kula."

Nilipokea sahani ile. Mkono wake ulikuwa umechoka kushika. Ufunguo ulikuwa bado shingoni mwangu, na jiko lilikuwa wazi, limejaa wanawake wanaopakua. Mwanangu hakuiba chakula kile. Aliuliza kwanza.